Kuua vijidudu bila kujidanganya: mwongozo kamili wa mikono, kidonda, sakafu na vifaa

Mambo manne huwadanganya watu kuhusu dawa za kuua vijidudu: harufu, kuchoma, povu na rangi. Dawa ikinuka mpaka mtu wa chumba cha pili akapiga chafya, tunaamini kazi imekwisha. Ikichoma kidonda, tunasema inafanya kazi. Ikitoa povu, ndiyo kabisa. Nimeosha na kufunga vidonda kwa miaka mingi, na nimeviona vidonda vilivyonuka dawa, vikachomwa na dawa, vikatoa povu la dawa, na bado vikatunga usaha.

Dawa hutegemea mambo matatu ambayo hayanuki wala hayachomi. Uchafu uwe umetoka kwanza, kipimo kiwe sahihi, na dawa iachwe mahali pake mpaka muda wake uishe. Ukivuka moja kati ya hayo, umebaki na harufu tu.

Jua unapambana na nini

Vijidudu havifi kwa urahisi uleule. Virusi vilivyofunikwa na utando wa mafuta, kama vya UKIMWI, mafua makali na korona, ni dhaifu kuliko vinavyotisha kwa jina, kwa kuwa sabuni ya kawaida inaupasua utando huo. Bakteria wengi wa kawaida hufa nao bila taabu kubwa. Virusi visivyo na utando, kama norovirusi inayoleta kutapika na kuharisha, ni vigumu zaidi, na spiriti huvigusa kidogo tu. Bakteria wa kifua kikuu wana ganda lenye nta. Juu ya wote hao kuna spora, yaani mbegu kavu ambazo baadhi ya bakteria hujifungia ndani yake hali ikiwa mbaya. Pepopunda inakuja kwa njia hiyo, na kimeta vilevile. Mwaka 1881 mtafiti wa vijidudu wa Ujerumani, Robert Koch, alijaribu kuua spora za kimeta kwa alkoholi, akaona hazifi. Mpaka leo alkoholi haiui spora, hata ukiziloweka.

Kwa hiyo kuna ngazi tatu, na ni vizuri kuzitofautisha kabla ya kununua chochote. Kusafisha ni kuondoa uchafu pamoja na sehemu kubwa ya vijidudu, kwa maji, sabuni na kusugua. Kuua vijidudu ni kutumia dawa au joto kupunguza vilivyobaki mpaka visiweze kuambukiza, ingawa spora zinaweza kupona. Kutakasa ni kuua kila kitu, spora zikiwemo.

Ipi inahitajika wapi? Mmarekani Earle Spaulding aliweka kanuni ambayo hospitali bado zinaifuata. Kifaa kinachoingia ndani ya mwili au kwenye damu lazima kitakaswe. Kinachogusa utando laini wa mwili, kama wa mdomo, kiuliwe vijidudu kwa kiwango cha juu. Kinachogusa ngozi nzima, kama mkanda wa kupimia presha, kinatosheka na usafi na dawa nyepesi. Ukiikumbuka kanuni hii utaacha kumwagia dawa kali kila kitasa cha mlango, na pia utaacha kupangusa sindano kwa spiriti ukidhani umeitakasa.

Halafu kuna tofauti ambayo watu huivuka kila siku. Dawa ya mwilini si dawa ya vitu. Ile ya vitu imeundwa bila kujali chembe hai za ngozi, na ukiiweka kwenye kidonda itaua vijidudu pamoja na nyama inayojaribu kupona.

Mikono

Mwaka 1847, katika hospitali moja ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona kwamba wodi ya uzazi iliyohudumiwa na madaktari na wanafunzi wao ilipoteza wazazi wengi kuliko wodi ya wakunga. Madaktari walitoka kupasua maiti, wakaenda moja kwa moja kuzalisha. Walikuwa wananawa kwa sabuni, lakini harufu ya maiti ilibaki mikononi. Semmelweis akaamuru mikono isuguliwe katika maji ya klorini mpaka harufu ipotee. Mwezi Aprili mwaka huo, katika kila wazazi 100 wa wodi ile, zaidi ya 18 walikufa. Kufikia Juni walikuwa kama 2. Pua ilimsaidia, lakini kwa sababu aliitafuta harufu ya uchafu, si harufu ya dawa.

Kwa nyumbani hakuna haja ya klorini mikononi. Fanya hivi:

1. Vua pete na saa. Chini ya pete kuna ukanda wa ngozi ambao sabuni haiufikii.
2. Lowesha mikono kwa maji tiririka. Maji ya baridi yanatosha. Joto linalovumilika na ngozi haliui vijidudu, linakausha ngozi tu.
3. Paka sabuni, kisha sugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba kimoja kimoja, ncha za vidole kwenye kiganja, na vifundo vya mikono. Vidole gumba na ncha za vidole ndivyo husahaulika zaidi, na ndivyo vinavyoshika kila kitu.
4. Kusugua kwenyewe kuchukue sekunde 20 au zaidi. Ukijumlisha kulowesha, kusuuza na kukausha, zoezi zima ni sekunde 40 hadi 60.
5. Suuza, kausha kwa kitambaa safi cha mtu mmoja au karatasi, kisha funga bomba kwa kitambaa hichohicho. Usiache mikono mibichi, maana mkono wenye unyevu hupokea na kutoa vijidudu kwa urahisi kuliko mkavu.

Kitakasa mikono ni kizuri pale ambapo mikono haina uchafu unaoonekana. Kiwe na alkoholi ya asilimia 60 au zaidi. Fomula ya Shirika la Afya Duniani ina ethanoli ya asilimia 80, gliserini kidogo ya kulinda ngozi, na haidrojeni peroksaidi kidogo sana ya kuua spora zinazoweza kuwemo ndani ya chupa yenyewe. Watu huniuliza kwa nini wasitumie alkoholi tupu ya asilimia 96 au zaidi, kwani si ndiyo kali? Kali ndiyo, lakini alkoholi huua kwa kuvuruga protini, na kazi hiyo inahitaji maji. Ikiwa karibu tupu hukauka haraka mno, na kuigandisha protini ya nje kabla haijapenya. Ndiyo maana spiriti nzuri ya ngozi ni ya asilimia 70.

Mimina ya kujaza kiganja, sugua kama unavyonawa, na mikono ibaki na umajimaji kwa sekunde 20 hadi 30 mpaka ikauke yenyewe. Ukitia tone moja likakauka kwa sekunde tano, umejipaka manukato. Ukiwa unamhudumia mtu anayetapika na kuharisha, acha kitakasa, rudi kwenye sabuni na maji.

Kuhusu glovu: zilianza kama kinga dhidi ya dawa, si dhidi ya mgonjwa. Katika hospitali ya Johns Hopkins, muuguzi Caroline Hampton alichubuka mikono kwa dawa za chumba cha upasuaji, na daktari William Halsted akaagiza atengenezewe glovu nyembamba za mpira. Faida ya kuzuia maambukizi ilionekana baadaye. Glovu hutoboka, na kuivua vibaya hukupaka kile ulichokuwa unakikwepa. Nawa kabla ya kuvaa, na nawa baada ya kuvua.

Kidonda kipya, hatua kwa hatua

Hapa ndipo ninapoona makosa mengi, na karibu yote hutokana na haraka ya kufikia dawa.

Anza na damu. Weka kitambaa safi au shashi, gandamiza kwa mkono kwa dakika 10 bila kufunua kuchungulia. Kila ukifunua unabandua damu iliyoanza kuganda. Damu inayoruka kwa mapigo, au isiyokoma baada ya hapo, ni ya kukimbiza hospitali huku umeendelea kugandamiza.

Damu ikishatulia, nawa mikono. Kisha osha kidonda kwa maji ya kunywa yanayotiririka, kwa dakika 5 hadi 10. Ndiyo, maji tu. Maji safi ya kunywa yanafaa kwa kidonda cha kawaida, na kinachosaidia zaidi ni wingi wake na msukumo wake. Kama hakuna bomba, toboa kifuniko cha chupa safi ya plastiki tundu dogo, ijaze maji yaliyochemshwa na kupoa, uikamue ili maji yatoke kwa nguvu kidogo. Ukitaka maji ya chumvi, gramu 9 kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa nusu lita kinakaribia hapo. Osha ngozi ya pembeni kwa sabuni, ila sabuni usiisukumie ndani ya jeraha.

Tazama ndani kwenye mwanga wa kutosha. Mchanga uliobaki, kipande cha mti, uzi wa nguo: kila kimoja ni maficho ya bakteria ambayo dawa haiyafikii. Toa kwa kibanio kilichochemshwa. Kitu kilichozama au kilichochomekwa ndani sana usikivute, mwachie daktari.

Sasa ndipo dawa inaingia, na mara nyingi ni ya kupaka pembeni na juu tu. Chaguo ninaloliamini kwa jeraha chafu ni povidoni ya iodini ya asilimia 10. Paka, kisha subiri dakika 2 ikauke. Watu wengi hupaka na kufuta palepale, kwa sababu rangi ya kahawia imeshaonekana na macho yameridhika. Iodini inahitaji muda ule. Pia damu na usaha huidhoofisha, na hiyo ni sababu nyingine ya kuosha kwanza. Usiitumie kwa mtoto mchanga, wala kwenye eneo kubwa lililoungua, wala mara kwa mara kwa mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo, bila ushauri wa mtaalamu. Iodini hupenya ngozini na kufika kwenye tezi.

Klorheksidini ni nzuri kwa ngozi nzima, kwa mfano kabla ya kuchoma sindano, na hubaki ikifanya kazi kwa saa kadhaa baada ya kupakwa. Ina masharti yake. Isiingie machoni wala ndani ya sikio, kwa kuwa huweza kuharibu jicho na uwezo wa kusikia. Sabuni ya kawaida huifisha, kwa hiyo suuza sabuni yote kabla. Ile ya kitovu cha mtoto, iliyoandikwa asilimia 7.1, imewahi kutiwa machoni kwa kudhaniwa kuwa dawa ya macho, na watu wakaumia vibaya katika nchi kadhaa. Kama mkunga amekupa, ihifadhi mbali kabisa na dawa za macho.

Haidrojeni peroksaidi ndiyo ile ya povu. Povu hilo linatokana na kimeng'enya kilichomo kwenye damu na chembe zako mwenyewe, kinachoivunja dawa kuwa maji na oksijeni. Hata damu safi isiyo na kijidudu kimoja itatoa povu. Dawa hiyo huumiza chembe zinazojenga nyama mpya, kwa hiyo sioni sababu ya kuitia kwenye kidonda kila siku. Spiriti ndani ya jeraha ni vivyo hivyo: inachoma kwa kuwa inaumiza. Itumie kwenye ngozi nzima.

Sikosoi kwa dharau. Joseph Lister mwenyewe, daktari mpasuaji aliyeanzisha njia ya kuua vijidudu vidondani kwa dawa, alianza na dawa chungu kuliko zote hizi. Agosti 1865, huko Glasgow, alifunga kwa asidi ya kaboliki mguu wa mvulana wa miaka 11 uliovunjika na kuchana ngozi. Enzi hizo mguu wa namna hiyo mara nyingi uliishia kukatwa. Mvulana alipona bila usaha. Lakini asidi ile ilichubua ngozi ya wagonjwa na mikono ya wapasuaji, na hatimaye madaktari wakaelekea kwenye kuzuia vijidudu visiingie kabisa, kwa vifaa vilivyotakaswa kwa joto, badala ya kuviua vikiwa vimeshaingia. Njia hiyo ndiyo ya kuigwa nyumbani: osha sana, tia dawa kidogo, funika vizuri.

Funika kwa shashi, si pamba. Nyuzi za pamba hunasa kwenye kidonda. Badilisha shashi ikilowa au ikichafuka, vinginevyo iache. Kufungua kidonda kila saa kukiangalia ni kukipoza na kukipa vijidudu nafasi mpya. Unga wa kapsuli za antibayotiki usimwage juu ya kidonda. Hautoi kipimo chochote cha maana, unaweza kuleta mzio, na unawafundisha bakteria usugu.

Majeraha mengine hayasubiri nyumbani. La kuumwa na mnyama lioshwe kwa maji na sabuni kwa dakika 15 kamili, lipakwe iodini, kisha mtu aende kupata chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Usilifunge kwa kubana. La kuchomwa na msumari ni dogo juu na refu chini, na dawa ya kupaka haifiki zilipo spora za pepopunda. Kinga ni chanjo. Kama chanjo ya mwisho ina zaidi ya miaka 5 na kidonda ni kichafu, au zaidi ya miaka 10 kwa kidonda safi, kaulize. Na kidonda chochote kikianza kuuma zaidi badala ya kupungua, kikawa chekundu kwa eneo linalotanuka, cha moto, chenye usaha, au ukaona mstari mwekundu ukipanda mkononi au mguuni pamoja na homa, acha dawa za kupaka, nenda hospitali.

Sakafu, meza na damu iliyomwagika

Dawa ya klorini ya majimaji, ile ya kufulia nguo nyeupe, ni ya bei nafuu na inaua karibu kila kitu, hata spora nyingi ikipewa nguvu na muda. Tatizo lake ni hesabu. Wengi huchanganya kwa jicho.

Soma chupa uone ni asilimia ngapi. Nyingi ni 3.5 au 5. Chukua namba hiyo, igawe kwa asilimia unayotaka, kisha toa 1. Jibu ni sehemu za maji kwa sehemu moja ya dawa.

Mfano: una dawa ya asilimia 5, unataka 0.5 kwa ajili ya damu. Tano gawa kwa 0.5 ni 10, toa 1 ni 9. Kikombe kimoja cha dawa, vikombe 9 vya maji. Kwa meza na vitasa, asilimia 0.1 inatosha: 5 gawa kwa 0.1 ni 50, toa 1 ni 49. Mililita 100 za dawa ndani ya lita 4.9 za maji. Kama chupa yako ni ya 3.5, hesabu zinakuwa maji sehemu 6 kwa damu, na 34 kwa meza. Unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 70 unahitaji kama gramu 7 kwa lita moja kupata 0.5.

Tumia maji ya baridi, maana ya moto huivunja klorini na kuirushia puani mwako. Anza na maji kwenye ndoo, dawa ifuate, ili isikurukie machoni. Fungua madirisha. Changanya ya kutumia siku hiyo tu. Mwanga na joto huimaliza nguvu, na kesho utakuwa na ndoo yenye harufu isiyo na kazi.

Usichanganye klorini na kitu kingine. Ikikutana na siki au dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia, hutoa gesi nyingine inayochoma mapafu, na mkojo nao una amonia, kwa hiyo ufute na suuza kwanza kabla ya kumwaga dawa. Ukisikia koo linabana na macho yanatiririka, toka nje, acha milango wazi, usirudi kuokoa ndoo.

Usafi wa kawaida wa meza huenda hivi: osha kwa sabuni, suuza, kisha pitisha kitambaa kilicholowa dawa ya 0.1, na meza ibaki na umajimaji kwa dakika 10. Ikikauka mapema, pitisha tena. Meza ya chakula suuza kwa maji safi baadaye. Nenda kutoka pasafi kuelekea pachafu, na kutoka juu kwenda chini. Kitambaa kikunje mara mbili, upate nyuso nane. Upande mmoja ukichafuka, geuza. Kitambaa kilichochafuka kisirudi kwenye ndoo ya dawa. Weka ndoo ya pili ya kusuuzia. Ndoo moja ya deki inayozunguka nyumba nzima huchukua choo na kukipeleka jikoni.

Damu ikimwagika, vaa glovu. Funika kwa karatasi au kitambaa kinachonyonya, kiondoe na kukitupa kwenye mfuko, kisha mwaga dawa ya 0.5 juu ya alama iliyobaki. Subiri dakika 10, ukitazama saa. Futa, kisha deki kwa sabuni na maji. Damu hula klorini: ukimwaga dawa juu ya dimbwi, sehemu kubwa ya nguvu inamalizwa na protini ya juu, na vya chini vinabaki hai. Wala usipulizie dawa hewani au juu ya watu. Haifiki kila kona, na unachokivuta mapafuni ni klorini. Klorini hula chuma pia, kwa hiyo suuza vyuma baada ya dakika 10.

Vifaa

Kifaa chenye damu iliyokauka hakitakasiki kwa joto lolote la nyumbani, kwa kuwa damu hujifanya ganda. Kifungue kilipo na kiungo, kisugue kwa brashi na sabuni chini ya maji ili matone yasiruke, suuza, halafu endelea.

Kuchemsha: kibanio na mkasi vizame kabisa, na dakika 20 zianze kuhesabiwa maji yakitokota, si moto ulipowashwa. Ukiongeza kifaa katikati, hesabu inaanza upya. Hiyo inaua bakteria na virusi, lakini si spora zote, kwa hiyo usiite kutakasa. Toa kwa koleo lililochemshwa pia, acha vikauke kwenye kitambaa safi. Chupa za mtoto zikishaoshwa, dakika 5 hadi 10 za kutokota zinatosha. Kipimajoto kioshe kwa sabuni na maji ya baridi, kisha futa kwa spiriti ya asilimia 70 na uiache ikauke.

Kutakasa kwa kweli kunahitaji mvuke wenye shinikizo: digrii 121 kwa dakika 15 au zaidi baada ya kifaa chenyewe kufikia joto hilo, na kwa kawaida dakika 30 kikiwa kimefungwa. Hewa yote itoke kwanza, kwa sababu hewa iliyobaki huzuia mvuke usiguse chuma. Kwa joto kavu, digrii 160 kwa saa 2. Sindano na nyembe hazina mjadala: moja kwa mtu mmoja, mara moja.

Chupa ya dawa yenyewe

Katika kituo kimoja nilichofanya kazi tulikuwa na mtungi wa pamba zilizolowekwa kwenye dawa ya kuoshea vidonda. Kila asubuhi mtu aliongeza pamba, akaongeza dawa, akafunika. Harufu ya dawa ilijaa chumba. Baada ya muda vidonda vya wagonjwa watatu vikaanza kutoa majimaji ya kijani yenye harufu tamu kama ya zabibu. Muuguzi mkuu aliiinua ile pamba ya chini kabisa, akaikunja kwa koleo, akaonyesha utelezi. Utelezi ule ni bakteria waliojijengea kinga yao wenyewe ndani ya dawa. Aina ya Pseudomonas huishi hata kwenye dawa zilizochujuka, na sisi tulikuwa tukiwafuga.

Tangu hapo: usiongezee dawa juu ya dawa. Ikiisha, au baada ya siku ulizojipangia, mwaga yote, osha chupa kwa sabuni, kausha ikiwa imepinduliwa, ndipo ujaze. Pamba ilowekwe wakati wa kutumia. Mdomo wa chupa usiguse kidonda wala pamba. Andika kwenye plasta jina la dawa, asilimia, na tarehe uliyochanganya, ubandike ubavuni mwa chupa, si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Dawa isiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa dakika moja, hata kama umeandika.